Kuitikia si Kujibu: Burudani ya Umma na Mjadala wa Raia katika Kongo

1. Suala lenyewe

Mwaka 1985 Neil Postman, mwalimu wa Chuo Kikuu cha New York, alitoa kitabu kiitwacho Amusing Ourselves to Death, ambacho jina lake twaweza kulifasiri kuwa "Kujiburudisha hadi Kufa". Hoja yake si ngumu kueleza. Marekani ya karne ya 19, asema, ilikuwa nchi ya maandishi. Mwaka 1858 wananchi wa jimbo la Illinois waliweza kukaa saa tatu wakiwasikiliza Abraham Lincoln na Stephen Douglas wakijibizana juu ya utumwa, kwa sababu kusoma kulikuwa kumewazoeza kufuata hoja ndefu. Televisheni ilipoingia, siasa, dini, elimu na habari zote ziligeuka maonyesho; na taifa ambalo limezoea kuonyeshwa tu haliwezi tena kujitawala. Postman aliziweka mbele ya msomaji riwaya mbili za Kiingereza: ile ya George Orwell ya mwaka 1949, ambamo watu hutawaliwa kwa kiboko, na ile ya Aldous Huxley ya mwaka 1932, ambamo watu hutawaliwa kwa raha. Akahukumu kwamba Huxley ndiye aliyeona mbali.

Kitabu hicho kimesomwa sana nje ya nchi ambayo kiliandikiwa. Katika makala haya tunakusudia kukipima kwa historia ya nchi yetu wenyewe, maana Kongo ilikuwa na burudani ya umma ya kiasi kikubwa mno, iliyopangwa na serikali na kugharamiwa nayo, hata kabla Postman hajaandika ukurasa wa kwanza. Tutaona kwamba ameona jambo la kweli, lakini amekosea mahali pa kuliweka. Yeye anaitia hatiani televisheni. Sisi tunadhani kosa liko penginepo.

Kiswahili kinatusaidia kupaona mahali hapo, kwa kuwa kinatofautisha vitenzi viwili ambavyo watu wengine huvichanganya. Kuitikia ni kupokea sauti ya mwimbishaji na kuirudisha kama ilivyokuja, au kusema "naam" mtu anapoitwa. Kujibu ni kuleta neno ambalo mwulizaji hakuwa nalo. Katika ngoma tunaitikia, barazani tunajibu. Jamii yenye afya inahitaji yote mawili. Burudani huudhoofisha utawala wa raia siku ile kuitikia kunapochukua nafasi ya kujibu, na watu wakasahau kwamba mambo hayo mawili hayakuwa kitu kimoja.

2. Ngoma ya lazima

Jenerali Mobutu alitwaa madaraka tarehe 24 Novemba 1965. Chama chake cha MPR kiliundwa mwaka 1967, na mwaka 1970 kikabaki peke yake. Katika miaka iliyofuata, ambayo ilikuwa miaka ya siasa ya Uhalisi, nchi ilipewa jina la Zaire mnamo Oktoba 1971, watu wakaacha majina yao ya Kizungu mwaka 1972, na ikaenea desturi iliyoitwa animasio ya kisiasa. Wanafunzi, wafanyakazi wa viwanda na migodi, akina mama wa mitaa, watumishi wa ofisi, wote walipangwa katika vikundi vya kuimba na kucheza kwa kumsifu kiongozi. Nyimbo za zamani, za harusi, za uwindaji, za matanga, zilivuliwa maneno yake na kuvikwa maneno ya chama. Wachezaji walivaa vitenge vyenye picha ya rais. Safari za Mobutu katika China na Korea ya Kaskazini zilimwonyesha jinsi uwanja mzima wa watu unavyoweza kuchezeshwa kama mwili mmoja, naye alitaka kuwa na uwanja wa namna hiyo.

Televisheni ilifanya kazi hiyohiyo kila jioni. Kabla ya habari, watazamaji waliona kichwa cha rais kikishuka kutoka mawinguni. Ndipo taarifa zilipoanza, nazo kwa sehemu kubwa zilikuwa taarifa za safari zake, hotuba zake na mapokezi yake.

Hapa ndipo mizani ya Postman inapoanza kuyumba. Yeye anaweka kiboko upande mmoja na raha upande wa pili, kana kwamba mtawala hana budi kuchagua. Aliyecheza katika animasio alijua kwamba vitu hivyo viwili vilishikwa kwa mkono mmoja. Ilikuwa ngoma, na katika ngoma ile wengi walifurahi kwa kweli: palikuwa na ufundi, palikuwa na ushindani wa mikoa, palikuwa na vijana waliopenda kuonekana. Lakini ilikuwa ngoma ambayo mtu hakuweza kuikataa bila hofu. Raha ilifunika kiboko, na kiboko kikaifanya raha kuwa wajibu. Kwa hiyo swali la nani aliona mbali, Orwell au Huxley, kwetu ni swali lisilo na kazi.

Tukumbuke pia kejeli moja ya lugha. Katika miaka ileile watu waliamriwa kuacha salamu za "bwana" na "bibi" za Kifaransa na kuitana "raia". Nchi nzima ikawa ya raia kwa jina. Lakini kazi ya raia, ambayo ni kuuliza, kupinga, kudai hesabu na kutoa shauri, haikuachiwa nafasi yoyote. Mtu aliitwa raia, naye akaitikia.

3. Siku sabini na sita za mwaka 1974

Mfano ulio wazi kuliko yote ni ule wa mwaka 1974. Dunia nzima inaukumbuka mwaka huo kwa pigano la ndondi la Kinshasa, ambamo Muhammad Ali alimwangusha George Foreman mbele ya watazamaji wapatao 60,000, tarehe 30 Oktoba. Pigano lilianza yapata saa kumi ya usiku, maana saa zilipangwa kwa ajili ya watazamaji wa Marekani. Kabla yake, tarehe 22 hadi 24 Septemba, palikuwa na tamasha kubwa la muziki ambalo liliwaleta pamoja James Brown, B. B. King, Miriam Makeba, Franco na Tabu Ley. Vitabu vimeandikwa, filamu zimetengenezwa, na mpaka leo jina la Kinshasa likitajwa mbali huko, wengi hukumbuka usiku ule.

Ni wachache wanaokumbuka tarehe 15 Agosti ya mwaka uleule. Siku hiyo ilitiwa sahihi sheria ya kurekebisha Katiba. Kwa sheria hiyo MPR ikawa taasisi pekee ya nchi. Bunge, Serikali na Mahakama vikageuzwa kuwa vyombo vya chama. Kiongozi wa chama akawa kiongozi wa vyote. Na mafundisho yake yakapewa jina la Mobutuismu na kutiwa ndani ya Katiba. Kila Mzaire alihesabiwa kuwa mwanachama. Kutoka siku hiyo mpaka pigano la ndondi ni siku 76 tu. Katika miezi ileile bei ya shaba, ambayo ndiyo iliyokuwa ikiilisha nchi na hasa mkoa wetu, ilianza kuporomoka, na biashara zilizonyang'anywa wageni kwa tangazo la tarehe 30 Novemba 1973 zilikuwa zikifa mikononi mwa wale waliogawiwa.

Hatusemi kwamba pigano liliandaliwa ili kuificha Katiba. Hatuna ushahidi wa nia hiyo, wala hoja yetu haiuhitaji. Hatusemi pia kwamba furaha ya watu wa Kinshasa ilikuwa ya uongo. Kumwona mtu mweusi maarufu wa Marekani akija kurudisha taji lake katika ardhi ya Afrika halikuwa jambo dogo, na haifai mwanachuo kulidharau. Tunasema jambo moja tu: mambo mawili yalitokea katika msimu mmoja, moja likiwa na kelele ya dunia nzima na jingine likipita kimya, na lile lililopita kimya ndilo lililoamua maisha ya watu kwa miaka kumi na sita iliyofuata. Mwananchi alikuwa na nafasi ya kumshangilia Ali. Hakuwa na mahali pa kuuliza kwa nini hakimu awe chini ya chama.

4. Televisheni ileile, kazi nyingine

Kama kosa lingekuwa la televisheni, basi televisheni ingefanya madhara yaleyale popote na wakati wowote. Historia yetu yakanusha. Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Majuma machache baadaye, usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walishambuliwa katika mabweni yao. Juu ya msiba huo vyombo vya serikali havikuwa na neno la kutegemewa, na watu walirudia chombo chao cha kawaida, yaani redio ya barabarani, ile ambayo Wafaransa huiita radio-trottoir. Mahali palipokatazwa kujibu hadharani, jibu lilikwenda kujificha katika uvumi, ambamo ukweli na uzushi hulala kitanda kimoja.

Tarehe 7 Agosti 1991 ulifunguliwa Mkutano Mkuu wa Taifa, ambao uliitwa Konferensi ya Taifa yenye Mamlaka Kuu, na wajumbe wake walipita 2,800. Vikao vyake vilirushwa katika redio na televisheni. Chombo kilekile kilichokuwa kikiteremsha kichwa kutoka mawinguni kikaanza kuonyesha watu waliokaa vitini wakipingana, wakisoma taarifa za mali zilizoibwa na za watu waliouawa, wakikosolewa na kujitetea. Hayakuwa maonyesho ya kupendeza macho. Hotuba zilikuwa ndefu, nyingi zikiwa za Kifaransa cha wanasheria. Hata hivyo watu walizifuata majumbani, vilabuni na chini ya miti. Serikali ilipousimamisha mkutano mnamo Januari 1992, Wakristo wa Kinshasa waliandamana tarehe 16 Februari kudai ufunguliwe tena, na wengi wao walipigwa risasi na kufa. Walioandamana siku hiyo walidai mjadala urudi. Mkutano ulifunguliwa tena mwezi wa Aprili, na tarehe 15 Agosti 1992 ukamchagua Étienne Tshisekedi kuwa Waziri Mkuu: miaka kumi na minane kamili tangu ile Katiba ya chama.

Twajua kwamba Mkutano ule ulikuwa na kasoro zake, na kwamba maamuzi yake mengi hayakutekelezwa. Lakini kwa suala letu ushahidi wake ni mzito. Watu walewale ambao walikuwa wamechezeshwa kwa miaka ishirini hawakuwa wamepoteza uwezo wa kusikiliza hoja ndefu. Uwezo huo ulikuwa umelala kwa kukosa kazi. Postman angeshangaa kuona kwamba wengi wa wasikilizaji hao hawakulelewa na vitabu, bali na mashauri ya kijiji na ya ukoo, ambako mtu hungoja zamu yake, husikiliza hadi mwisho, kisha husema. Kusoma ni njia moja ya kuzoea hoja. Si njia pekee.

5. Ushahidi wa mchezo wa Lubumbashi

Msomaji aweza kuuliza: je, burudani haina wema wowote kwa mjadala wa raia? Hapo hatuna haja ya kwenda mbali. Kikundi cha Mufwankolo, ambacho mizizi yake ni vijana wa mji huu wa miaka ya 1950, kilijulikana sana kwa michezo yake ya kuchekesha katika redio na baadaye televisheni ya Lubumbashi. Kilicheza kwa Kiswahili cha hapa, kile cha nyumbani na cha sokoni, bila maandishi ya kukariri. Wachezaji walikaa, wakajadili jambo, wakagawana nafasi, kisha kila mmoja akatunga maneno yake papo hapo.

Mwaka 1986 mtaalamu Johannes Fabian, ambaye alikuwa amekijua kikundi hicho tangu zamani, aliwauliza wachezaji maana ya msemo mmoja aliousikia kwa Kifaransa mezani, kwamba mamlaka huliwa yakiwa mazima, kama firigisi ya kuku ambayo hupewa mkubwa na haikatwi. Wao hawakumpa tafsiri ya neno kwa neno. Walianza kubishana wao kwa wao: je, mamlaka hayagawanyiki kweli? Aliye nayo peke yake atasaidiwa na nani? Kutokana na mabishano hayo wakatengeneza mchezo mzima, wakaufanyia mazoezi, wakauigiza mbele ya kamera. Fabian aliyaandika yote, pamoja na maneno ya Kiswahili kama yalivyosemwa, katika kitabu chake Power and Performance cha mwaka 1990. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili kitabu hicho ni hazina kwa sababu ya lugha yake. Kwa suala letu ni hazina kwa sababu kinaonyesha burudani ikizaliwa kutoka katika mjadala na kurudi katika mjadala.

Tusitie chumvi. Kikundi kile hakikuwa chama cha upinzani, wala hakikuweza kumtaja mkubwa wa nchi kwa kicheko. Kilifanya kazi katika televisheni ya serikali, na michezo yake mara nyingi ilihubiri adabu na utii. Lakini linganisha mchezo huo na animasio. Animasio ilileta neno lililokwisha kukamilika, na mtazamaji alipaswa kulirudisha kama lilivyo. Mchezo ulileta kisa: mume mlevi, mkubwa mwenye tamaa, mwana asiyesikia, ukamwacha mtazamaji akihukumu. Ulipokwisha, watu waliulizana nani alikuwa na haki. Burudani iliyo njema kwa raia haina budi kumwachia mtazamaji kazi baada ya kicheko.

6. Hali ya leo

Utawala wa Mobutu uliisha tarehe 17 Mei 1997, na animasio ya kulazimishwa ikaisha nayo. Tungetazamia kwamba kuitikia kungepungua. Haikuwa hivyo. Kilichobadilika ni mlipaji. Desturi ambayo wanamuziki huiita kwa Kilingala kutupa libanga, yaani kutupa jiwe, imestawi: jina la tajiri au mwanasiasa hutajwa ndani ya wimbo, naye hutoa malipo. Zamani chama kilikuwa kimoja na kilisifiwa na wote. Leo wakubwa ni wengi na kila mmoja ana wa kumsifu. Vituo vya televisheni vya watu binafsi vimeongezeka sana tangu sheria ya habari ya mwaka 1996, na vingi ni mali ya wanasiasa wenyewe. Simu za mkononi nazo zimeleta vipande vya dakika moja, ambamo mwenye kutukana vizuri hupata watazamaji wengi kuliko mwenye kueleza vizuri. Wafuasi wa vyama wamejifunza tabia ya mashabiki wa bendi: hushangilia, huzomea, hawaulizi.

Madhara yake yanaonekana wakati wa uchaguzi. Mwaka 2006 sheria ya uchaguzi ilidai kwamba wagombea wawili wa duru ya pili wakutane katika mjadala mbele ya taifa. Mjadala huo haukufanyika. Nyimbo zilikuwapo, fulana zilikuwapo, magari yenye vipaza sauti yalikuwapo. Lililokosekana ni lile moja ambalo lingempa mpiga kura kipimo cha kulinganisha jibu na jibu. Mnamo Januari 2011 Katiba ikarekebishwa na duru ya pili ikafutwa, na pamoja nayo ile nafasi ya wagombea wawili kubaki uso kwa uso.

Na sasa Katiba yenyewe imefikiwa na swali. Mnamo Oktoba 2024, mjini Kisangani, Rais Félix Tshisekedi alitangaza nia ya kuunda tume ya kufikiria Katiba mpya. Jarida la masomo ya Kiswahili si mahali pa kuamua kama sheria ya mwaka 2006 ibaki au ibadilishwe. Wako wananchi wenye akili katika pande zote mbili. Lakini ni mahali pa kuuliza suala hilo litajadiliwaje. Tangu lilipotangazwa, limeimbwa, limetukaniwa, limechekeshwa. Je, ni wangapi kati ya waliolishangilia au kulizomea wamesoma kifungu cha 220, ambacho chataja yale yasiyoruhusiwa kurekebishwa, likiwamo idadi na muda wa vipindi vya Rais? Yule asiyekisoma aweza kuitikia ndiyo, aweza kuitikia hapana, kujibu hawezi. Agosti ya mwaka 1974 yatuonya kwamba Katiba yaweza kubadilika huku watu wakiwa wanatazama kwingine.

7. Wajibu wetu

Postman alimalizia kitabu chake kwa kutumaini shule, ingawa bila matumaini makubwa. Sisi pia tu watu wa shule, na tunalo jambo la karibu zaidi la kufanya. Kifungu cha 142 cha Katiba ya mwaka 2006 chaiagiza Serikali kueneza kila sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa, katika muda wa siku sitini tangu kutangazwa. Kiswahili ni mojawapo. Mwenye kutembea katika mitaa ya Kenya, Katuba au Kamalondo hatapata shida kusikia wimbo wa kumsifu mkubwa katika lugha anayoielewa. Lakini atapata shida kubwa kuisikia sheria katika lugha hiyo. Burudani huwafikia watu kwa lugha yao, na sheria huwafikia kwa lugha ya wengine, ikiwa inawafikia. Katika hali hiyo tusishangae kwamba watu huenda kwenye ngoma.

Kazi ya kufasiri sheria kwa Kiswahili kinachoeleweka na mama wa sokoni, kuisoma redioni, kuitungia michezo kama ile ya Mufwankolo na kuiacha wazi ibishaniwe, ni kazi ya idara zetu kabla ya kuwa kazi ya mtu mwingine. Tunafundisha ngeli, tunafundisha arudhi, tunaandika tasnifu juu ya methali. Hayo ni mema. Lakini lugha ambayo hutumiwa kusifu, kuchekesha na kuomboleza tu, na haitumiwi kuuliza hesabu, ni lugha iliyokatwa mkono mmoja, na wenye lugha hiyo wataendelea kutawaliwa kwa lugha wasiyoweza kujibu kwayo.

Hatutaki ngoma inyamaze. Kongo bila ngoma si Kongo. Tunachotaka ni kwamba mwimbishaji akimaliza, awepo mtu wa kusimama na kusema, "Sasa tuulizane", na kwamba maneno ya kuuliza awe nayo kinywani.